Bourgogne: Nchi Ambako Shamba Hukipa Kijiji Jina

Jumapili, Chablis

Wageni wengi wa Bourgogne, nchi ya mvinyo mashariki mwa Ufaransa, huanzia Dijon. Mimi nimeanzia Chablis, kwa sababu ukiitazama ramani hii ndiyo pembe inayosumbua zaidi. Treni ya Paris ilinishusha Auxerre saa nne asubuhi, nikapata gari la kunifikisha hapa, mwendo wa kilomita 20 hivi kati ya mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Ni mwisho wa Oktoba. Zabibu zimeshakamuliwa, majani ya mizabibu yamegeuka manjano, na vijijini kunanuka mvinyo unaochacha.

Nieleze kwanza kilichonileta. Nimekulia Dodoma, na nyumbani tulikuwa na ekari mbili za zabibu kule Hombolo. Matenga yetu yaliondoka shambani yakiwa na jina la baba kwenye daftari la mnunuzi, yakafika kiwandani hayana jina lolote. Miaka yote nimekuwa nikisoma kuhusu nchi ambako kipande cha ardhi chenye ukubwa wa uwanja wa mpira kina jina lake, kina mipaka yake, na jina hilo hufuata zabibu mpaka kwenye chupa. Nilitaka kuikanyaga.

Sasa, kwa nini Chablis inasumbua? Kwa sababu iko mbali na mashamba mengine ya Bourgogne, zaidi ya kilomita 100 kutoka Beaune, na iko karibu zaidi na mizabibu ya Champagne upande wa Aube. Hata maji yake yanakwenda kwingine. Mto Serein unaopita hapa kijijini unaingia mto Yonne, Yonne unaingia Seine, na Seine unapita Paris kwenda Mlango wa Uingereza. Maji ya Dijon na Beaune yanateremkia mto Saône, kisha Rhône, hadi Mediterania. Ukitafuta bonde moja au mlima mmoja unaoiunganisha Bourgogne ya mvinyo huupati. Kilichoiunganisha ni historia ya watawala, si umbile la nchi, na nadhani asiyelikubali hilo mapema atasumbuka na ramani safari nzima.

Mchana nimepanda ubavu wa kilima unaotazama kijiji. Mashamba saba ya daraja la juu kabisa, grand cru, yamepangana hapo kwenye mteremko mmoja unaoelekea kusini-magharibi: Bougros, Preuses, Vaudésir, Grenouilles, Valmur, Les Clos na Blanchot. Kando ya njia chini ya Les Clos nimeokota jiwe la kijivu. Ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Nikaligeuza juani, nikaona limejaa makombe madogo yaliyopinda, mengi hayazidi kucha ya kidole kidogo, yamebanana kiasi kwamba kati yao hakuna nafasi ya kuingiza sindano. Ni chaza wa bahari iliyokuwa hapa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wanajiolojia wanaiita miamba hii ya Kimmeridge, kwa jina la kijiji cha pwani ya kusini mwa Uingereza, maana tabaka lilelile linajitokeza hadi kule.

Jina la Chablis limeteseka kuliko mengi. Kwa miaka mingi huko California kampuni ziliuza mvinyo mweupe wa bei rahisi, wa zabibu za aina yoyote, na kuuandika Chablis kwenye lebo. Mkataba wa mwaka 2006 kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya ulizuia lebo mpya za namna hiyo, lakini zilizokuwapo tayari ziliruhusiwa kuendelea. Mkulima anayelima mawe haya ya chaza anajua kwamba upande wa pili wa bahari kuna mtu anatumia jina la kijiji chake kihalali. Mimi lingeniuma sana.

Jumatatu, Dijon

Mji wa makao makuu, na siku ya kusoma zaidi ya kutembea. Jina Bourgogne linatokana na Waburgundi, kabila la Kijerumani lililoingia nchi hizi katika karne ya 5 wakati dola ya Roma ikisambaratika. Ufalme wao haukudumu. Wafranki waliumeza mwaka 534. Jina likabaki, likahamia kwenye utawala wa makabaila. Kati ya 1363 na 1477 watawala wanne waliotoka ukoo wa wafalme wa Ufaransa, wakianza na Philippe le Hardi, walijenga himaya iliyofika hadi Flandria na Uholanzi ya leo. Wa mwisho, Charles le Téméraire, aliuawa vitani Nancy mwezi Januari 1477, na mfalme wa Ufaransa akaichukua nchi. Kasri lao bado liko katikati ya mji, sehemu yake ikiwa ofisi za manispaa.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, serikali mpya iliifuta mikoa ya zamani. Mwaka 1790 nchi nzima ikakatwa upya katika wilaya zinazoitwa département, na karibu zote zikapewa majina ya mito na milima ili watu wasahau watawala wao wa kale. Yonne ni mto, Nièvre ni mto, Saône-et-Loire ni mito miwili. Hapa Dijon wakachagua jina la mteremko: Côte-d'Or, Mteremko wa Dhahabu. Maelezo ya kawaida ni rangi ya majani wakati huu wa mwaka. Wapo pia wanaodai kwamba d'Or ni ufupisho wa d'Orient, kwa kuwa mteremko unatazama mawio. Nikiwa hapa wiki hii, nauona wote ukiwaka manjano kusini mwa mji, sihitaji hayo maelezo ya pili.

Tangu 2016 Bourgogne imeunganishwa kiutawala na jirani yake, ikawa Bourgogne-Franche-Comté. Mipaka ya mvinyo haikujali. Na ilikuwa haijali tangu zamani: wilaya ya Nièvre ni ya Bourgogne ya serikali, lakini mvinyo wake maarufu, Pouilly-Fumé, unahesabiwa kuwa wa mto Loire.

Jioni, mkahawani, wengi walikuwa na glasi ya kir mkononi, mvinyo mweupe wa zabibu za aligoté uliotiwa kileo kitamu cha tunda dogo jeusi la huku liitwalo cassis. Jina limetoka kwa padri Félix Kir, aliyekuwa meya wa Dijon kuanzia 1945 hadi 1968 na aliyekuwa akiwakaribisha wageni wa mji kwa kinywaji hicho.

Jumanne, Gevrey-Chambertin hadi Vougeot, kwa miguu

Basi la asubuhi limeniacha Gevrey, kilomita 12 hivi kusini mwa Dijon. Kabla ya kushika njia nilisimama kwenye barabara kuu, ile D974, nikatazama pande zote mbili, kwa sababu jiografia ya Bourgogne inasomeka vizuri kabisa kutoka pale. Mashariki ni tambarare ya Saône, pana, ya udongo mzito, mahindi na ngano. Magharibi ardhi inainuka taratibu, mizabibu mitupu, mpaka juu kwenye msitu. Huo ukanda wa mizabibu hauna upana: mahali pengi hauzidi kilomita moja au mbili, halafu unakwenda kusini kilomita 50 na ushei.

Sababu iko chini. Tambarare ya Saône ni bonde la ufa kama letu la Afrika Mashariki, ila dogo na lililokwisha kutulia. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita ardhi ilipasuka, upande wa mashariki ukazama, wa magharibi ukabaki juu, na ukingo uliobaki ukaonyesha tabaka za mawe ya chokaa zilizokuwa zimelala ndani. Côte ni huo ukingo. Na kwa kuwa miamba ilivunjika vipande vipande, hatua 50 zinatosha kukutoa kwenye jiwe la aina moja na kukutia kwenye jingine. Juu ni baridi na udongo mwembamba mno. Chini ni mzito na hushika maji. Mashamba bora yako katikati, mita 250 hadi 300 juu ya usawa wa bahari, ambako maji hupita na jua la asubuhi hufika mapema.

Kila kipande chenye mipaka, jina na sifa yake wanakiita klima. Hawamaanishi hali ya hewa. Wanamaanisha hapa, pahali hapa. UNESCO ilipoyaandika mashamba haya katika urithi wa dunia mwaka 2015, ilihesabu klima 1,247 kati ya Dijon na Maranges.

Sasa habari ya kijiji. Kwa mamia ya miaka kiliitwa Gevrey tu. Lakini juu ya kijiji kulikuwa na shamba liitwalo Chambertin, hekta 13 hivi, ambalo Napoleon alilipenda, na wauza mvinyo wa Paris waliojua Chambertin hawakuijua Gevrey. Mwaka 1847 mfalme Louis-Philippe akaruhusu kijiji kiunganishe jina la shamba na lake. Wengine wakaona, wakafuata: Aloxe ikawa Aloxe-Corton mwaka 1862, Vosne ikawa Vosne-Romanée 1866, Puligny na Chassagne zote mbili zikachukua Montrachet mwaka 1879, Nuits ikajiongezea Saint-Georges 1892, Morey ikachelewa mpaka 1927 ilipochukua Saint-Denis. Kwetu kijiji huzaa shamba. Hapa shamba limekizaa kijiji upya, na wakazi wote, hata mwashi na mwalimu wa shule, wanaishi kwenye anwani yenye jina la mizabibu ambayo wengi wao hawamiliki hata mche mmoja.

Nikaishika njia ya D122 inayopita katikati ya mashamba. Kulia, upande wa juu, ni Mazis, halafu Clos de Bèze, halafu Chambertin lenyewe, halafu Latricières. Kushoto, chini ya njia, ni Chapelle, Griotte, Charmes. Grand cru za kijiji hiki ni tisa, na sheria ya majina yake inafaa kueleweka. Mwenye Clos de Bèze anaruhusiwa kuuza mvinyo wake kwa jina la Chambertin. Mwenye Chambertin haruhusiwi kujiita Clos de Bèze, kwa sababu Bèze ni shamba la zamani zaidi, la watawa wa abasia ya Bèze tangu karne ya 7. Mengine saba hutanguliza jina lao na kuliweka Chambertin nyuma: Charmes-Chambertin, Latricières-Chambertin. Na mvinyo wa kawaida wa kijiji nao una Chambertin nyuma: Gevrey-Chambertin. Kwa hiyo mnunuzi aliye Nairobi au Brussels akiliona neno Chambertin hajaona kitu bado. Lazima atazame limekaa wapi na limetanguliwa na nini. Bei inaweza kupishana mara kumi na zaidi kwa mpangilio wa maneno mawili.

Kule Charmes nilimkuta mama mmoja wa makamo aking'oa miche iliyokufa na kuirundika pembeni. Nilimsalimu kwa Kifaransa nilichokipata Bujumbura nilipofanya kazi huko, nikamuuliza shamba ni la nani.

"Ni Charmes," akajibu.

"Naam, mama, lakini mwenyewe ni nani?"

Akasimama, akafuta mikono kwenye aproni. Wenyewe wengi, akasema. Hii mistari minane aliirithi kwa babu yake. Ya dada yake inaanzia kwenye lile jiwe pale. Zaidi ya hapo ni ya watu wa Beaune, na baada yao mtu aliyenunua majuzi. Alinyosha kidole akinionyesha mipaka ambayo mimi sikuiona: hakuna ua, hakuna tuta, ni mawe mafupi tu yaliyozama kwenye majani. Kanuni ya sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 iliwapa watoto wote haki sawa katika urithi, na vizazi vimekata mashamba haya mpaka mtu anamiliki mstari mmoja au miwili. Lakini jina halikatwi. Nilipenda jinsi alivyonijibu: kwanza Charmes, halafu ndipo watu.

Morey na Chambolle nilizipita bila kukaa, maana wingu lilikuwa linashuka kutoka kwenye korongo la juu. Hayo makorongo yanayokata mteremko huleta upepo wa baridi jioni, na kila kijiji cha huku kimejibanza mdomoni mwa korongo lake.

Nimeishia Clos de Vougeot saa kumi. Hapa historia inaonekana kwa macho: ukuta mmoja wa mawe unaozunguka hekta 50, na ndani yake kasri lililojengwa mwaka 1551. Watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098 huko chini kwenye tambarare, walikusanya ardhi hii kipande kwa kipande, wakaizungushia ukuta, wakaimiliki mpaka Mapinduzi yalipowanyang'anya. Leo ndani ya ukuta uleule wako wamiliki wapatao 80. Nimetembea kutoka juu, kwenye kasri, mpaka chini ukuta unapogusa barabara kuu. Juu udongo ni wa kokoto na unapitisha maji. Chini, karibu na lami, buti zangu zilibeba tope. Bado kote ni grand cru, kote ni Clos de Vougeot. Kila mahali pengine kwenye Côte jina limefuata udongo. Hapa limefuata ukuta. Kwa maoni yangu haikuwa haki, lakini watawa walikuwa wakichanganya zabibu za juu na za chini kuwa mvinyo mmoja, na waliorithi jina walirithi na uamuzi wao.

Jumatano, Vosne, Nuits, Comblanchien

Kutoka Vosne-Romanée kijijini, ukipanda njia nyembamba dakika kumi, unafika kwenye ukuta mfupi wa mawe wenye msalaba juu yake. Nyuma ya msalaba ni Romanée-Conti. Hekta 1.8. Kuna kibao kinachowaomba wageni wasiingie kwenye mizabibu. Udongo ni wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, una vijiwe vyeupe, na kwa macho haupishani na wa jirani zake Richebourg na La Tâche.

Mwanamfalme wa Conti alilinunua shamba hili mwaka 1760. Wakati wa Mapinduzi likataifishwa na kuuzwa, na hapo ndipo jina la Conti lilipoanza kuandikwa kwenye karatasi za mauzo, mwaka 1794. Jambo hilo nimelitafakari njiani kote: Mapinduzi yaliyofuta vyeo vya makabaila yalilibandika jina la kabaila kwenye shamba wakati wa kulipigia bei. Juu yake kidogo ni La Romanée, hekta 0.85, ambalo kisheria ndilo jina la mvinyo lenye eneo dogo kuliko yote Ufaransa.

Kuna kijiji kimoja, Flagey-Echézeaux, ambacho ramani ya mvinyo inakidhulumu. Nyumba zake ziko chini kwenye tambarare, ng'ambo ya reli, mahali ambapo hakuna mzabibu wa maana. Mashamba yake makubwa, Echézeaux na Grands-Echézeaux, yako huku juu, yamepakana na Clos de Vougeot. Na mvinyo wake wa daraja la kijiji hauuzwi kwa jina la Flagey. Unauzwa kama Vosne-Romanée. Kijiji kimeongeza jina la shamba kwenye kibao cha barabarani, lakini dukani hakipo.

Nuits-Saint-Georges nayo ina yake. Shamba la Les Saint-Georges ndilo lililoupa mji nusu ya jina, lakini ni la premier cru, daraja lililo chini ya grand cru. Nuits haina grand cru hata moja. Hata hivyo jina hilo limefika mbali kuliko yote: mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliita kreta moja mwezini St. George, na mji wa Nuits ukajibu kwa kuwa na uwanja wa Kreta ya Saint-Georges.

Jioni nimepita Comblanchien, ambako mizabibu inapungua na kilima kimetobolewa na machimbo. Jiwe la hapa ni gumu, la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na waridi, linang'arishwa kama marumaru na limesafirishwa hadi majengo ya Paris. Mvinyo wa kijiji hiki hauna jina la kijiji. Unaitwa Côte de Nuits-Villages. Comblanchien imepata umaarufu wake kwa jiwe.

Alhamisi, Corton na Beaune

Kilima cha Corton kimejitenga na vingine, mviringo, kimevaa msitu kichwani, na mizabibu imekizunguka pande tatu. Vijiji vitatu vinagawana: Ladoix, Aloxe na Pernand. Upande wa magharibi ni Corton-Charlemagne, wa mvinyo mweupe. Inasimuliwa kwamba Charlemagne aliwapa watawa wa Saulieu mizabibu ya hapa mwaka 775. Nilipofika, mvua ilikuwa imeanza, nikateremka haraka.

Beaune niliijua kwa hospitali yake. Nicolas Rolin, kansela wa Philippe le Bon, na mkewe Guigone de Salins waliianzisha mwaka 1443 kwa ajili ya maskini, na wagonjwa walilazwa humo mpaka 1971. Paa lake la vigae vya rangi limechorwa kwenye kadi za posta zote za mkoa. Kinachohusu safari yangu ni kwamba kwa karne nyingi watu walipokufa waliiachia hospitali mashamba, na tangu 1859 mvinyo wake huuzwa kwa mnada kila Novemba. Mapipa huuzwa kwa jina la klima na jina la mfadhili pamoja. Marehemu wa karne ya 15 bado anatajwa kila mwaka na dalali.

Ni Beaune pia ambako mwaka 1861 kamati ya kilimo ilichora ramani ya mashamba na kuyapanga kwa madaraja. Serikali ilipopitisha sheria ya majina ya asili tarehe 30 Julai 1935, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafanywa na wenyeji. Sheria hiyo inasema shamba liko wapi, lipandwe aina gani, livunwe kiasi gani kwa hekta. Ukivunja, hupotezi shamba. Unapotezewa jina, mvinyo wako unashuka daraja. Nadhani hapo ndipo penye nguvu yao. Walioandika sheria walikuta ramani mezani, na walioichora ramani walikuta majina midomoni mwa watu.

Ijumaa, Meursault, Puligny, Chassagne, Gamay, kwa baiskeli

Njia ya baiskeli inatoka Beaune hadi Santenay ikipita mizabibuni. Pommard, Volnay, Meursault: vijiji vitatu vyenye sifa kubwa ambavyo havikuongeza jina lolote, na wala havina grand cru. Meursault ina kumbukumbu ya uchungu. Hapo ndipo mwaka 1878 filoksera, kidudu kidogo kinachofyonza mizizi, kilipogunduliwa mara ya kwanza katika Côte-d'Or. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo yanastahimili. Kwa hiyo kila klima niliyoitaja hapa, kuanzia Les Clos hadi Romanée-Conti, leo inasimama juu ya mizizi yenye asili ya ng'ambo. Watu waling'oa kila kitu, wakabaki na udongo na majina, wakapanda upya.

Montrachet ni hekta 8 tu, na mpaka wa Puligny na Chassagne unapita katikati yake, karibu nusu kwa nusu. Ndiyo maana mwaka 1879 vijiji vyote viwili vililichukua jina. Hapajawa na maelewano hata kwenye kuandika: upande wa Puligny husemwa Montrachet, upande wa Chassagne Le Montrachet. Nimeegemeza baiskeli kwenye lango la mawe, nikaingiza mkono ukutani. Jiwe lilikuwa na joto bado, saa kumi na moja jioni, mwisho wa Oktoba, wakati hewa ilikuwa inanilazimisha kufunga zipu hadi shingoni. Mteremko hapa unatazama kusini-mashariki, na juu kidogo, kwenye Chevalier-Montrachet, udongo ni mwembamba mpaka mwamba unatokeza. Chini, Bâtard-Montrachet, udongo umejaa. Ng'ambo ya njia ya shamba bei inashuka.

Kilomita chache tu kutoka hapo, nyuma ya kilima, ni kitongoji cha Gamay, sehemu ya kijiji cha Saint-Aubin. Nyumba chache, na kibao. Aina ya zabibu yenye jina hilo ilimkasirisha Philippe le Hardi, na mwaka 1395 akaamuru ing'olewe katika nchi yake kwa kuwa inazaa sana na mvinyo wake ni mbaya. Ikahamia kusini, ikakuta miamba ya matale ya Beaujolais, ikastawi kweli. Kitongoji kimebaki na jina la zabibu iliyofukuzwa, kati ya mashamba ya zabibu za pinot na chardonnay.

Jumamosi, Chardonnay, Solutré, Saint-Amour

Treni hadi Tournus, halafu gari la kukodi kwa siku moja, kwa sababu vijiji vya Mâconnais, eneo la mji wa Mâcon, havina basi la kutegemea. Nchi imebadilika: vilima vimetawanyika, ng'ombe weupe wanalisha, mapaa yamekuwa ya vigae vya mviringo kama ya kusini.

Kijiji cha Chardonnay ni kidogo, kanisa na barabara moja. Huaminiwa kwamba zabibu nyeupe inayolimwa sasa mabara yote ilichukua jina hapa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chardonnay, gamay na aligoté ni ndugu wa baba na mama mmoja: pinot, zabibu ya wakubwa, na gouais, zabibu ya maskini ambayo leo karibu haipandwi. Kijiji kinauza mvinyo kama Mâcon-Chardonnay, na pengine ndipo mahali pekee ambapo neno hilo kwenye lebo ni jina la mahali.

Nimepanda mwamba wa Solutré, mita 493, dakika 40 kwa mwendo wangu. Chini yake ni vijiji vya Pouilly-Fuissé: Vergisson, Solutré-Pouilly, Fuissé, Chaintré. Ndio ule mvinyo unaochanganywa na Pouilly-Fumé wa Loire, ingawa zabibu ni tofauti na kati yao kuna kilomita zaidi ya 100. Miaka mingi Pouilly-Fuissé haikuwa na premier cru hata moja. Mwaka 2020 klima 22 zikakubaliwa, baada ya kuchimba udongo, kupima na kujadiliana kwa muda mrefu.

Kutoka kileleni mpaka wa kusini hauonekani. Nikateremka kuutafuta kwa gari. Kuna kijiji kinaitwa Chasselas, chenye jina sawa na zabibu ya mezani. Kuna Saint-Vérand, yenye d mwishoni, ambayo mwaka 1971 iliupa mvinyo mweupe wa eneo hili jina, lakini kwenye lebo huandikwa Saint-Véran, bila d. Kisha Saint-Amour. Kiserikali niko bado Saône-et-Loire, Bourgogne, na namba za magari ni zilezile. Kwa mvinyo nimeshaingia Beaujolais, na zabibu ni gamay. Nilimuuliza mzee aliyekuwa akiosha matenga mbele ya pishi lake kama yeye ni mtu wa Bourgogne au wa Beaujolais.

"Kodi nalipa Mâcon," akasema. "Mvinyo nauza Beaujolais. Wewe unataka kununua au unataka kuandika?"

Nikanunua chupa mbili. Akaniandikia risiti, na juu kabisa, kabla ya jina lake, akaandika jina la shamba.